Kabla Hujanunua Kopo: Rangi ya Bloku ya Injini ya Gari la Zamani

Hotuba ya fundi injini mbele ya wapenzi wa magari ya zamani, Mombasa

Shikamooni wazee wangu. Ndugu zangu, dada zangu, na nyinyi vijana wa gereji mlioziacha kazi za Jumamosi mkaja kunisikiliza, ahsanteni sana.

Hii iliyokaa hapa mezani ni injini ya Volvo, B18, lita 1.8. Bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda, ni chuma cha kusubu, kile kinachoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, na hedi yake, kifuniko kizito cha juu ya silinda, pia ni chuma cha kusubu, ndiyo maana imetushinda watu wawili kuipandisha, tukaongeza wa tatu. Mwenyewe ni mzee wangu aliyeketi safu ya mbele, na amenipa ruhusa niizungumzie. Alipoinunua ilikuwa nyeusi tii kama mnavyoiona. Aliponiletea aliniuliza swali moja: "Fundi, ninunue rangi gani?" Nikamjibu kwamba sijui, na sitajua mpaka nifungue kikono hiki cha dainamo, chuma kinachoishikilia dainamo kwenye bloku. Sijakifungua. Nimekiacha makusudi tukifungue pamoja leo tukimaliza mazungumzo.

Swali la mzee wangu ndilo swali la kila mtu. Anakwenda dukani, anasimama mbele ya rafu, anaona nyekundu nzuri, anaona dhahabu, anachukua inayompendeza. Mimi nawaomba mlipange upya swali hilo. Kwanza uliza injini hii ilitoka kiwandani imevaa nini. Pili uliza chuma hiki kinapata joto gani, na kitamwagikiwa na nini. Ukishayajibu hayo mawili, kopo la kununua litakuwa limejichagua.

Tuanze na la kwanza, na tuanzie nyumbani. Mashindano ya magari ya Safari yalianza 1953, na kwa miaka mingi barabara zetu za vumbi na tope ndizo zilizoamua gari lipi ni gari. Mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo PV544, yenye injini ndugu ya hii iliyo mezani. B18 ilitoka kiwandani Uswidi ikiwa nyekundu. Mpaka leo wenye Volvo za zamani huziita injini hizo na wadogo zake bloku nyekundu, na mtu akilitaja jina hilo hakuna anayeuliza maana.

Njoo Datsun 240Z. Mwaka 1971 ilishinda Safari ikiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller. Mwaka 1973 ikashinda tena kwa Shekhar Mehta na Lofty Drews, baada ya kufungana pointi na Datsun nyingine. Injini yake ni L24, silinda sita mstari mmoja, bloku ya chuma iliyopakwa buluu, na juu yake hedi ya alumini isiyo na rangi kabisa. Nimeona 240Z iliyotengenezwa upya kwa gharama kubwa, kila kitu kinang'aa, lakini bloku na hedi vyote vimepakwa buluu moja. Aliyeifanya alikuwa na mkono mzuri. Kosa lake ni kwamba hakuuliza.

Kisha kuna Volkswagen, ile kobe tuliyopandishwa wengi wetu tukiwa watoto. Nayo ilishinda Safari, 1962, na Tommy Fjastad. Ile haina bloku ya chuma cha kusubu. Kasha la krenki, lile linalobeba mhimili wa injini, ni mchanganyiko wa madini ya magnesiamu, lilitoka kiwandani bila rangi, na silinda zake hupozwa na hewa kupitia mapezi membamba. Ukizipaka silinda zile rangi nene ni kama kumfunika blanketi mtu anayetoka jasho. Kwa injini ile, paka mabati ya kuongozea hewa, yale meusi. Kasha lisafishe uliache lilivyo.

Kwa hiyo ninaposema tafuta rangi ya asili, jibu laweza kuwa kwamba hakuna rangi.

Nje ya Safari nitapita haraka. Chevrolet za V8 zilivaa chungwa tangu injini ile ya 1955, wakati silinda sita zao za miaka hiyohiyo zilikuwa buluu. Ford ya Marekani ilikuwa na rangi mbalimbali kwa injini mbalimbali, mpaka 1966 ilipoziunganisha zote kuwa buluu moja. Mini na Morris nyingi za Uingereza zilikuwa kijani kizito. MGB za miaka ya mwanzo zilikuwa damu ya mzee. Jaguar E-Type ya lita 3.8 ina hedi ya alumini iliyopakwa dhahabu. Angalieni hapo: jina la gari peke yake halitoshi. Lazima ujue mwaka, na lazima ujue ni injini ipi, maana magari yetu haya yamebadilishwa injini mara nyingi kuliko yalivyobadilishwa wenyewe.

Basi utajuaje? Vitabu husaidia, na picha za zamani husaidia, lakini shahidi bora umekaa naye. Injini nyingi zimepakwa tena na tena, na kila aliyepaka alipaka panapoonekana. Hakuna aliyejisumbua kufungua kikono cha dainamo, au mguu wa injini, au bomba la maji, ili apake nyuma yake. Huko nyuma ndiko rangi ya kiwanda ilikojificha. Kwa hiyo kabla hujashika brashi ya waya, kabla hujapeleka bloku kupigwa mchanga kwa hewa ya kompresa, fungua vitu hivyo kimoja kimoja, pangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, taratibu, usikwangue kwa chuma. Piga picha kwenye mwanga wa mchana, si chini ya taa ya gereji. Usiiamini rangi iliyo karibu na ekzosi, kwa sababu joto hugeuza nyekundu kuwa kahawia, na oili ya miaka hugeuza kila kitu kuwa rangi ya chai. Amini ile iliyofunikwa mahali pasipo joto kali. Kipande hicho, hata kiwe na upana wa kidole gumba, ndicho unachompelekea mchanganya rangi.

Bloku ikishapigwa mchanga shahidi huyo amekufa, na hakuna wa kumfufua. Nimeliona hilo mara nyingi mno, na kila mara linaniuma.

Sasa joto. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi hupotea.

Nilipokuwa kijana nilipewa bloku ya Datsun nipake. Nilitaka kumridhisha mwenye gari, nikaenda dukani nikauliza kopo linalostahimili joto kuliko yote. Nikapewa lililoandikwa digrii 650. Nikajua sasa nimefika. Nikapaka, ikapendeza, gari likaondoka. Baada ya wiki mbili likarudi. Kabureta ilikuwa imefurika, petroli imeteremka ubavuni mwa bloku, na pale ilipopita rangi imegeuka tope. Niliigusa kwa kidole ikatoka na kidole. Nilifuta kazi nzima nikaanza upya kwa gharama yangu.

Kosa lilikuwa nini? Rangi zile za digrii 600 na zaidi zimetengenezwa kwa silikoni, kwa ajili ya manifoldi, ile inayokusanya moshi kutoka kwenye silinda, na mabomba ya ekzosi. Zinapokauka kwa hewa bado hazijaiva. Huiva zikipikwa, nyingi zikidai joto la kupita digrii 200, kwa hatua, kama maelekezo ya kopo yanavyosema. Manifoldi ya ekzosi hufika huko yenyewe na kupita. Bloku haifiki. Maji yanayozunguka ndani yake yako kati ya digrii 80 na 95, oili huzidi kidogo, na ukuta wa nje wa bloku unacheza hapohapo, isipokuwa karibu na matundu ya ekzosi panapopanda zaidi. Kwa hiyo rangi ile ilikaa mbichi siku zote juu ya bloku yangu, na petroli ilipokuja haikupata upinzani.

Adui mkubwa wa rangi ya bloku si moto. Ni petroli, oili, na mafuta ya breki. Chagua rangi kwa maadui hao. Ukisoma kopo, namba ya joto ikiwa digrii 150 hadi 260 inatosha kabisa kwa bloku. Kisha tafuta maneno yanayosema inastahimili petroli na oili, na kama hayapo, rudisha kopo kwenye rafu. Kinyume chake nacho ni kweli: usichukue rangi ya bloku ukaipaka manifoldi. Itaungua siku ya kwanza, itatoa moshi wa kunuka, na utabaki na majivu.

Rangi zenyewe, kwa maoni yangu, ni hivi. Kwa mtu anayefanya kazi nyumbani au gereji ndogo, enameli ya injini ndiyo chaguo la kwanza, iwe ya kopo la kupuliza au ya brashi. Enameli ya mashine na trekta ni nzuri pia, watu wanaidharau bure. Imetengenezwa kwa vitu vinavyomwagikiwa mafuta kila siku, na ukiipaka kwa brashi laini, mikono miwili myembamba, yaani kupaka mara mbili kwa wembamba, hujilaza yenyewe mpaka alama za brashi zikapotea. Rangi ya mlango wa nyumba acha kabisa. Hulainika kwa joto na hushika uchafu.

Zile rangi za vitu viwili, zinazochanganywa na hadena, dawa ya kuzigandisha, ndizo ngumu kuliko zote mbele ya petroli. Bloku iliyopakwa hiyo vizuri utaiosha kwa miaka. Lakini sikilizeni, hasa nyinyi vijana. Hadena nyingi zina kemikali iitwayo isosayaneti. Ukiivuta pumzi, inaweza kukuanzishia pumu ambayo haitaondoka, na mwili ukishaikataa, hata harufu ndogo itakubana kifua. Barakoa ya vumbi haisaidii. Kitambaa cha maji hakisaidii. Inatakiwa barakoa ya kuletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje, na chumba chenye feni ya kutoa hewa. Kama huna, usiipulize. Peleka kazi kwa mwenye navyo, au paka enameli. Hakuna gari duniani, hata lililoshinda Safari, linalostahili mapafu ya kijana wa miaka 20.

Kuna wanaouliza kuhusu rangi ya unga, ile inayookwa kwenye tanuri. Kwa sampu, lile bakuli la oili la chini, kifuniko cha valvu, puli, ni nzuri sana. Kwa bloku siipendi. Hukaa nene, hujaza mipaka ya sehemu za kukutania vyuma, na siku ikibambuka hubambuka vipande.

Na hili la rangi nyeusi kupoza injini tulimalize. Rangi za kawaida, ziwe nyeusi, nyeupe au nyekundu, hutoa joto karibu sawasawa kwa halijoto ile ya bloku. Zenye unga wa alumini, zile za fedha, hutoa pungufu. Tofauti yote ni ndogo, kwa sababu injini ya maji hupozwa na rejeta. Gari likichemka kagua rejeta, thamostati na feni.

Ambacho rangi hukifanya kweli, mbali na kuzuia kutu, ni kukuonyesha mahali panapovuja. Juu ya bloku nyekundu au buluu iliyo safi, tone la oili likitoka kwenye gasketi unaliona asubuhi yake. Juu ya bloku nyeusi utaliona sakafuni, wiki tatu baadaye. Mimi nikipewa uhuru wa kuchagua, kwa injini isiyo na historia inayojulikana, nachagua rangi nyepesi kwa sababu hiyo moja.

Tumefika kwenye maandalizi. Rangi bora juu ya chuma kichafu ni hasara, hilo kila fundi rangi hapa analijua, lakini bloku ina mambo yake ambayo bodi ya gari haina. Chuma cha kusubu kina vinyweleo. Kimekunywa oili miaka 50. Ukianza na msasa, unaisukuma oili ndani zaidi. Anza kwa kuondoa mafuta. Mafuta ya taa au dizeli yatalainisha uchafu mzito, lakini navyo huacha utando, kwa hiyo baada yake lazima ioshwe kwa maji ya moto na sabuni kali, mara mbili, mara tatu, mpaka maji yatiririke bila kugawanyika matone. Ndipo brashi ya waya. Ndipo osha tena. Magadi makali, ile koastiki, huisafisha bloku ya chuma vizuri sana, ila yakigusa alumini huila, kwa hiyo wenye hedi na vifuniko vya alumini vitoeni kwanza. Na vaeni glavu na miwani.

Kupiga mchanga: kama injini haikufunguliwa yote, usikubali. Punje moja ikiingia kwenye njia ya oili itakwenda mpaka kwenye beringi za krenki, na utakuwa umeiua injini kwa ajili ya sura yake. Hata ikiwa imefunguliwa yote, ziba kila tundu, kisha safisha kila njia ya oili kwa brashi ndefu na hewa, halafu rudia.

Sisi wa pwani tuna mtihani wetu. Chuma kilichooshwa hapa kinaanza kutoa kutu ya rangi ya chungwa kabla hujamaliza kunywa chai. Hewa ina chumvi na ina maji. Kwa hiyo ukishaosha, kausha kwa kompresa mara moja, pangusa kwa thina kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, na mkono wa kwanza wa praima uwe umefika ndani ya saa hiyohiyo. Praima ya epoksi hushika chuma vizuri kuliko nyingine, ila soma kama inakubaliana na rangi ya juu yake, na ikiwa ina hadena, yale niliyosema ya mapafu yanairudia. Kazi kama hii mimi naipanga wakati wa kaskazi, kunapokuwa kukavu. Miezi ya masika, Aprili na Mei, rangi ya kupuliza hushika ukungu mweupe kwa unyevu, na kompresa inatema maji pamoja na hewa. Kama huna budi, fanya saa za adhuhuri, na utoe maji kwenye tangi la kompresa kila mara.

Usipake sehemu za gasketi. Usipake ndani ya matundu ya bolti. Mahali waya wa ethi unapofungwa pabaki chuma kitupu, la sivyo starta itakusumbua na utalaumu betri. Namba ya injini ifunike vizuri, au mkono mwembamba sana, isomeke. Namba ile iliyozibwa na rangi imeshawasumbua watu wengi wakati wa kuhamisha umiliki.

Na msijaze putii. Nimeona bloku zilizolainishwa kwa putii mpaka zikawa kama vioo. Chuma cha kusubu kina ngozi yake, ina chembechembe za mchanga wa kalibu, na ngozi hiyo ni sehemu ya gari. Kiwandani injini nyingi zilipulizwa rangi haraka zikiwa zimeshafungwa, ila bado vitu vya pembeni kama vikono, rangi ikagusa kingo za gasketi na vichwa vya bolti. Gari lililofanywa likang'aa kupita lilivyozaliwa linapendeza, sikatai, lakini si gari lile tena.

Ukiliwasha mara ya kwanza, fungua milango ya gereji. Litatoa harufu na moshi mwepesi. Liache lifike joto lake, zima, lipoe kabisa, rudia mara mbili tatu kabla ya kulipeleka safari ndefu. Enameli huendelea kuiva kwa siku kadhaa, na ukiimwagia petroli wiki ya kwanza utaisikitikia.

Kuna ndugu aliniandikia swali akitaka kujua kama ni dhambi kubadilisha rangi, kwa sababu anapenda bloku yake iwe ya dhahabu. Ndugu yangu, gari ni lako. Ninakuomba kitu kimoja: ukipaka, funika kile kipande cha rangi ya kiwanda kilicho nyuma ya kikono. Usikikwangue, usikipake. Funga kikono juu yake kama ulivyokikuta. Gari hilo litakuja kuwa la mtu mwingine, labda mjukuu wako, na siku hiyo atakuwa na pa kuulizia.

Haya. Kijana, niletee spana. Mzee wangu, sogea hapa mbele, ni injini yako. Bolti hii ya juu imeshalegezwa. Ya chini bado... polepole, usiilazimishe. Imeachia. Shika kikono kisianguke. Kitambaa na mafuta ya taa, hapo, pembeni ya tundu la bolti. Pangusa kwa upole, mzee wangu. Mara moja tena.

Mnaona wa nyuma? Nyekundu.